Ombi kwa Chifu: Wananchi Waamriwe Kuacha Kunipenda kwa Simu

Sylus Mwadime,
Mtoa Nyuki,
Nyuma ya Ofisi ya Chifu,
Voi.

17 Oktoba

Kwa Chifu Donald,
Lokesheni ya Ndighinyi,
Kaunti ya Taita Taveta.

Mheshimiwa Chifu,

MINTARAFU: AMRI YA SERIKALI KUWAZUIA WANANCHI KUNIPENDA KUPITIA SIMU HADI MWISHO WA MWEZI

Natumaini barua hii inakukuta ndani ya ofisi yako, na si nje yake ukizunguka mlingoti wa bendera mbio kama Jumanne iliyopita. Jambo la Jumanne nitalifikia. Nimeliweka namba sita.

Jina langu unalijua, lakini kwa kuwa barua hii itawekwa kwenye faili, na faili hukaa sana kuliko machifu, acha nijieleze. Mimi ni jirani yako wa hatua sitini. Kwa miaka thelathini nimekuwa nikiwatoa nyuki mahali wasipotakiwa na kuwapeleka kwenye mizinga wanakotakiwa. Nimewatoa kwenye dari, kwenye matangi ya maji, kwenye kabati la mwalimu mkuu, na mara moja kwenye spika ya kanisa, ambako waumini walidhani ni hitilafu ya umeme na wakaendelea kuimba. Siwaui. Mtu yeyote anaweza kuua nyuki kwa mafuta ya taa na roho mbaya.

Zamani mteja alinipata hivi. Nyuki wakiingia darini, mwenye nyumba alimwuliza mwenye duka, mwenye duka akamwuliza katekista, katekista akamkumbuka dada yangu Tryphena, naye Tryphena akataka kwanza kujua huyo mwenye nyumba ni wa ukoo gani na walimzika wapi babu yake. Habari ilipofika kwangu, nyuki walikuwa wamejenga masega na mwenye nyumba amehamia kwa shemeji yake. Tuliishi hivyo wala hatukulalamika.

Mwezi wa nane binti yangu Wakesho alirudi kutoka Mombasa na diploma yake ya biashara. Aliniangalia siku tatu nikiwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri katekista akumbuke, kisha akaniambia, "Baba, watu siku hizi hawaulizi watu. Wanauliza simu." Akanieleza kwamba mtu mwenye nyuki darini huandika shida yake kwenye mtandao wa kutafutia vitu, na simu humpa jina la fundi. Nilifurahi kusikia kwamba simu ina adabu ya kujibu. Mimi mwenyewe nikiitumia kutafuta kitu huanza kwa hodi, nikaomba, nikamaliza kwa asante, maana kule ndani ni kwa watu. Wakesho hajui hilo. Angenicheka.

Basi akanitengenezea tangazo. Ukiwa popote kaunti hii ukaandika habari ya nyuki, jina langu linatokea juu kabisa, mbele ya kila mtu. Ukilibonyeza, unaingia kwenye ukurasa wangu wenye picha, maelezo na namba ya simu. Kila anayebonyeza, mimi nalipa kidogo, awe ana nyuki au hana, apige simu au asipige. Wakesho alipima mfuko wetu akaona unaweza kubeba vidole kumi kwa siku. Kidole cha kumi kikishabonyeza, tangazo linaondoka na kurudi kesho yake alfajiri. Vidole kumi, Mheshimiwa. Ni mikono miwili tu ya mtu mmoja.

Hapa ndipo unapaswa kujua ninachoogopa. Wakesho ana barua ya kazi kutoka kampuni moja ya bima Nairobi, na mwisho wa kujibu ni tarehe thelathini na moja. Tulikubaliana kwamba simu ikilia kazi ya kutosha watu wawili, atakaa, na tutaandika ubao: Sylus na Binti. Isipolia, ataenda. Tangu mama yake Mable alipotutoka, miaka minne sasa, nilikuwa nikisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauna raha hata ukiwa na mboga. Sasa nasonga wa wawili. Sitaki aende. Nimeandika hivyo wazi kwa sababu hii ni barua ya serikali na serikali haipendi mafumbo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya baraka. Simu ililia mara tisa. Alipiga mama mmoja wa Mata aitwaye Mumbe, nyuki wameingia kwenye tangi la maji na ng'ombe wamegoma kulikaribia. Ilipiga shule moja ya Mboghoni. Ilipiga hoteli moja ya watalii, ambako mgeni alikuwa amejifungia bafuni na taulo moja. Wote walibonyeza saa za mchana, jua likiwa kali, maana ndizo saa nyuki wanazohama. Wakesho alicheka wiki nzima. Alinunua ovaroli ya pili, ya kimo chake, akapigilia msumari wake kando ya ule wa kwangu. Jumamosi jioni akaongeza maneno machache kunihusu chini ya picha, ambayo si lazima niyanakili hapa.

Jumapili nikafanya kosa. Unajua desturi yetu: mtu akianza biashara husimama kanisani wakati wa matangazo, akaombewa, na watu wakamsimamia. Nilisimama. Nikasema, kwa majivuno yaliyonistahili siku ile, kwamba mimi Sylus sasa niko kwenye simu. Kabla sijaketi, dada yangu Tryphena alikuwa amesimama. Akasema, "Wapendwa, si tutoe simu tumshike ndugu yetu mkono?" Simu zikatoka kwenye mikoba, kwenye mifuko ya koti, moja ikatoka ndani ya Biblia. Vidole vyangu kumi viliisha kwenye benchi la kwanza, kabla zaburi haijasomwa. Tangu siku hiyo simu yangu imenyamaza, na malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kikundi cha Akina Mama. Hawa hawakuridhika na Jumapili. Wametengeneza zamu. Daftari lipo, nimeliona kwa macho yangu: Jumatatu ni wanaokaa ng'ambo ya reli, Jumanne ni wa karibu na soko, na kuendelea hivyo hadi Jumamosi, siku ya wagonjwa na wajane. Kila asubuhi saa kumi na mbili, wakimaliza sala, wanatafuta jina langu na kubonyeza. Tryphena hunipigia kunipa ripoti. "Kaka, leo tumekubonyeza mara arobaini na tatu. Mungu ni mwema." Nami hujibu amina. Katika hizo arobaini na tatu, kumi zinanila na thelathini na tatu zilizobaki ni za heshima tu.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa hapa. Mgeni akikuletea mkungu wa ndizi na nyuma ya nyumba una mikungu sita inayoiva, unapokea kwa mikono miwili na unasema kwamba watoto walikuwa wanalia kwa kukosa ndizi. Sasa mimi nitaanzaje kumwambia dada yangu, aliyefunga na kuniombea, kwamba kidole chake ni hasara? Atalia. Akishalia atawaambia wenzake, nao watanichangia, na wakinichangia nitalazimika kusimama tena kanisani kushukuru. Jambo hili limenishinda. Ndiyo maana nimekuja kwa serikali, ambayo imezoea kuwaambia watu wasiyotaka kusikia.

2. Fuad mwenye hadiwea. Huyu ananiuzia wavu wa kofia na hajawahi kuniibia hata sentimita. Watu wa dini nyingine nilidhani nimepona kwao, kwa kuwa hawakuwepo kanisani. Kumbe habari ilifika dukani kwake na muumini aliyekwenda kununua kopo la rangi. Ijumaa alinisimamisha mbele ya duka, akanishika bega, akasema, "Jirani yangu, mie kila nikishaswali alfajiri siinuki kwenye mswala mpaka nikufungulie riziki yako kwa kidole hiki. Na mama naye nimemfundisha." Mama yake, Bi Saadiya, ana miaka themanini na mmoja na hajawahi kutumia simu ila kuipokea. Sasa anabonyeza mara tatu, kwa sababu anasema jambo la heri huwa witiri, halifanywi mara mbili. Nilimwambia Mungu amlipe, na niliposema kulipa nilimaanisha.

3. Stendi ya bodaboda. Mwenyekiti wao Morris alipata homa ya manjano na mimi nikampelekea asali, basi anaona ana deni la fadhila. Vijana wakikosa abiria wanafanya mashindano ya kunibonyeza. Nilipopita pale walinipigia honi zote kwa pamoja. Morris akasema, "Mzee Sylus, tumekupea views noma sana, utatrend mpaka Nairobi." Nikamshukuru. Hakuna neno lingenichoma kuliko Nairobi, lakini yeye angejuaje.

4. Binamu yangu Elijah, mwuza ndizi wa Taveta. Elijah hajui kuacha kitu nusu. Alikuwa amevuka mpaka kupeleka ndizi Holili, akiwa kule akakumbuka wajibu wake, akatafuta tangazo, hakuliona. Ni kweli, kwa kuwa Wakesho aliliwekea mipaka ya kaunti, tusilipie vidole vya watu tusioweza kuwafikia. Mtu wa kawaida angenyamaza. Elijah alipanda bodaboda akarudi Kenya, akasimama upande wetu, akabonyeza kihalali, akavuka tena kumalizia ndizi zake. Kisha akanitumia ujumbe akieleza nauli aliyotoa, si kwa kudai, bali nijue kiasi ninachopendwa.

5. Mutindi wa Maungu. Huyu ndiye mshindani wangu. Anatoa nyuki kwa moshi mwingi na maneno mengi, na ananisema vibaya kila soko. Hajawahi kunibonyeza hata mara moja. Mheshimiwa, tangu mambo haya yaanze, ni Mutindi peke yake katika wilaya nzima ambaye hajanidhuru. Namweka kwenye orodha ya malalamiko kwa kuwa yeye ndiye anayepigiwa simu saa sita mchana jina langu likiwa halipo, lakini naomba ieleweke kwamba sina kinyongo naye. Kama ndugu zangu wangenichukia nusu ya anavyonichukia Mutindi, leo ningekuwa tajiri.

6. Wewe mwenyewe. Nasema hili kwa heshima zote za cheo chako. Kwenye baraza la tarehe tatu uliinua simu yako juu ukawaambia wazee wa Nyumba Kumi kwamba maendeleo ni kusaidia biashara za nyumbani, ukabonyeza mbele ya umati, ukapigiwa makofi. Karani wako anasema tangu siku hiyo unabonyeza kila asubuhi ukifungua ofisi, kabla hata ya kutia sahihi vitambulisho.

Jumanne iliyopita nilikuja kulalamikia jambo hili kwa mdomo. Karani akaniambia nisubiri kwenye benchi pale nje ya mlango wako. Nikasubiri. Saa sita kasorobo kundi la nyuki likatua kwenye kabati lako la mafaili, dirisha likiwa wazi. Ulitoka mbio, ukanipita mimi, magoti yangu ukayaruka, ukasimama kwenye mlingoti ukiwa umeshika simu. Nilisimama na kuvua kofia nikusalimie. Ukaniambia, "Ngoja kidogo, Mzee Sylus, natafuta mtu wa nyuki." Ukatafuta. Simu haikukupa jina langu, kwa kuwa vidole kumi vya siku ile vilikuwa vimeisha. Ikakupa Mutindi. Mutindi akatoka Maungu kwa pikipiki, akafika baada ya saa nzima, akawatoa nyuki waliokuwa hatua nane kutoka nilipokaa mimi, na ukamkaribisha chai. Kikombe kimoja nililetewa mimi pia, nashukuru, kilikuwa na maziwa.

Malalamiko yangu niliyarudisha nyumbani. Ulikuwa umeumwa mdomo wa juu, na mtu aliyevimba mdomo haambiwi makosa yake.

Mheshimiwa, haya yote ningeyavumilia, maana kupendwa si ugonjwa. Kinachonikosesha raha ni Wakesho. Yeye anaona hesabu tu kwenye kompyuta yake: vidole kumi kila siku, simu sifuri. Anadhani kosa ni lake. Anadhani maneno yake hayana mvuto, au picha ni mbaya, au diploma yake haikumwingia. Amebadilisha tangazo mara tatu. Aliniambia kwamba kwa maneno yanayoandikwa, wanaotutafuta zaidi ni wazee wenye adabu nyingi sana, akabadilisha tena ili wazee walipende, bado hawapigi. Juzi alikaa juu ya mzinga mtupu akaniambia, "Baba, nimesoma miaka miwili kazi ya kuleta wateja, na siwezi kumletea baba yangu hata mmoja." Nilitaka kumweleza habari za shangazi yake. Nikaogopa ataenda kugombana naye. Nikamwambia ni msimu. Ovaroli yake iko msumarini wiki ya tatu sasa, bado ina mikunjo ya dukani.

Na mimi sikukaa bure. Kila alfajiri nikiwa na kikombe changu cha chai nahakikisha tangazo liko, kama mtu anavyochungulia zizi lake kabla ya kwenda kazini. Liko. Ikifika saa sita ninapolitafuta, haliko. Wezi wangu wote ni watu wanaonitakia mema.

Kwa hivyo naomba ofisi yako itoe amri yenye mhuri, isomwe kanisani, msikitini, stendi na sokoni, kwamba:

(a) Kuanzia leo hadi tarehe thelathini na moja, ni marufuku mwananchi yeyote kunipenda kwa kidole. Anayeona hawezi kujizuia anipende kwa mdomo, kama zamani, au akae kimya.

(b) Anayetaka kubonyeza tangazo la nyuki aonyeshe nyuki kwanza. Naibu wa chifu awakague. Nyuki mmoja hatoshi, maana mmoja anaweza kuazimwa.

(c) Daftari la zamu la Kikundi cha Akina Mama lichukuliwe kwa upole na lihifadhiwe kwenye kabati lile lile la mafaili. Kama Tryphena atalia, karani wako awe tayari na leso.

(d) Elijah azuiwe mpakani. Si ndizi zake. Yeye.

(e) Kama hayo yote yatakuwa magumu, basi ofisi yako itangaze kwamba mimi ni mtu mbaya. Unaweza kusema nimeiba mzinga. Nitakubali, na tutaondoa tangazo hilo tarehe moja Novemba, baada ya Wakesho kuwajibu watu wa Nairobi. Nimeishi na sifa nzuri miaka thelathini na haijaniletea simu nyingi kama zile za wiki moja nilipokuwa sijulikani.

(f) Wewe mwenyewe, ukiona nyuki, tazama kwanza kwenye benchi.

Nisalimie mama watoto, karani, na wazee wote wa Nyumba Kumi kumi zao zote. Mwambie Mutindi, mkikutana, kwamba aendelee vivyo hivyo. Wa nyumbani kwangu hawajambo, na wangekuwa hawajambo zaidi kama wangebaki wawili.

Ni mimi, jirani yako niliyesimamiwa na watu hadi nikakosa pa kusimama,

Sylus Mwadime

Nakala: Fuad (aisome kabla ya alfajiri).

Nyongeza, 18 Oktoba, asubuhi.

Mheshimiwa Chifu, barua hii niliiacha mezani jana jioni chini ya kopo la sukari ili wino ukauke. Wakesho alitaka sukari.

Alitoka nje akiwa na barua mkono mmoja na kompyuta mkono wa pili. Nilijitayarisha kuulizwa habari za shangazi yake, au kwa nini nimeiambia serikali mambo ya ugali. Aliuliza kitu kimoja tu. "Baba, kwani wewe hupigia simu hodi?"

Nikasema ndiyo, nimelelewa hivyo.

Akanionyesha orodha ya maneno ambayo watu huandika kabla ya kubonyeza. Tangu ile Jumapili ya kanisani, kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili kasorobo, vidole kumi, na vyote kumi vimeandika hivi: Hodi. Naomba kumwona Sylus Mwadime, mtoa nyuki, Voi. Asante. Wale wazee wengi wenye adabu, Mheshimiwa, ni mzee mmoja. Tryphena na wenzake wakiamka kuanza zamu, tangazo lilikuwa limeshaondoka. Kumbe wao, na Fuad, na mama yake, na Morris, na Elijah aliyevuka mpaka mara mbili, na wewe, mlikuwa mkibonyeza picha yangu ya Jumapili ile kwenye ukurasa wa kanisa, inayotokea tangazo likishaondoka, ambayo haimgharimu mtu yeyote hata senti. Ukiondoa Jumapili ile moja, wote hamna hatia.

Nilijitetea. Nilisema nilidhani mwenye duka halipii kuingia dukani mwake. Wakesho akasema sawa, lakini kwa nini mara kumi? Jibu la hilo nalitoa kwako. Yale maneno aliyoyaandika chini ya picha, ambayo nilisema si lazima niyanakili, ni haya: "Huyu ni baba yangu. Miaka thelathini hajaua nyuki kwa kusudi wala hajamdanganya mteja. Akikuambia atakuja, atakuja." Kioo cha simu yangu hujizima nikiinua kikombe. Kikizima, lazima nipige hodi upya ili niyasome tena. Kikombe cha chai kina mafunda kumi. Tangu Mable atutoke hakuna aliyewahi kuniambia maneno kama hayo, wala mimi sijawahi kumwambia binti yangu yanayofanana na hayo, ingawa ninayo.

Wakesho aliyafuta mbele ya macho yangu. Nilihisi kama nimefiwa. Kisha akaifunga kompyuta, akakaa karibu nami pale kwenye benchi, akayasema yote kwa mdomo wake, neno kwa neno, akiniangalia. Akaniuliza kama nitataka mara kumi. Nikamwambia mbili zinatosha. Halafu nami nikasema ya kwangu, vibaya vibaya, lakini niliyamaliza.

Asubuhi hii sikubonyeza kitu, na Wakesho alikuwa amewatumia Tryphena na wengine wote njia ya kwenda moja kwa moja kwenye ile picha ya kanisa. Hadi saa tatu simu ilikuwa imelia mara nne.

Basi lile ombi la amri naliondoa, wapendeni watu kadiri mtakavyo. Ila kama mhuri umeshaugusa wino, amri imhusu mtu mmoja tu, na jina lake liko pale juu kabisa ya barua. Watu wa Nairobi Wakesho amewajibu kabla ya kuondoka, amewaambia asante, ana kazi tayari. Natafuta msumari wa kutundikia ubao mpya, na nimekumbuka kwamba ule wa ovaroli ya pili uko wazi. Ameenda nayo Mboghoni, ameivaa.